Siti mbili, hakuna paa, hakuna redio!

*Kwenye simu ya mume wangu kuna picha ya mrembo wa Kijerumani. Nimemvumilia tangu mwaka 2018. Mwezi huu nimeamua kumchunguza.*

Mpenzi msomaji, nianze na swali la kichokozi. Ukichukua simu ya mwenzi wako sasa hivi, kabla hujabonyeza chochote, picha utakayokutana nayo kwenye kioo ni ya nani? Yako? Ya watoto? Ya siku ya harusi, wewe umenuna kwa sababu kiatu kinabana? Hongera zako. Kwenye simu ya mume wangu kuna gari. Na wala si gari letu. Gari letu ni IST ambayo mlango wake mmoja wa nyuma haufunguki mpaka uubembeleze. Hilo la kwenye simu ni la rangi ya fedha na nyeupe, halina paa, halina siti za nyuma, na kioo chake cha mbele ni kifupi kama miwani ya kuogelea. Jamaa ameshabadilisha simu tatu. Picha haibadiliki.

Kwa miaka mingi nilichukulia kuwa ni utoto wa wanaume tu. Mashosti zangu waliniambia nimshukuru Mungu, wa kwao wanaweka picha za vitu vingine. Basi nikakaa kimya, mpaka siku moja mwaka jana nilipokuwa natafuta risiti ya saruji kwenye droo yake nikakutana na daftari. Dogo, la mistari, limeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa kadi yangu ya Valentine. Mwezi, kiasi, jumla. Mwezi, kiasi, jumla. Ukurasa wa kwanza juu kabisa neno moja: Roadster.

Mume wangu alikuwa anadunduliza kimyakimya anunue Mazda ya siti mbili kutoka Japani, iliyotumika, ya bei ya watu wa kawaida, binamu wa mbali sana wa huyo mrembo wa kwenye simu. Jumla ilikuwa imefika milioni sita na ushee.

Sasa ili uelewe nilivyojisikia, inabidi ujue kwamba tuna boma Goba. Tumefika lenta, tukaishiwa, tukasimama. Lina miaka miwili linanyeshewa. Yaani nyumba yetu haina paa, halafu mwenzangu anaweka akiba kwa siri anunue gari lisilo na paa!

Kwenye ugomvi nitafika, usiwe na haraka. Kwanza tumjue mrembo mwenyewe, maana mimi nilianza kwa kumchunguza yeye kabla ya kumvaa mume. Ni ushauri ninaoutoa kila siku kwenye kurasa hizi, kwa hiyo safari hii niliutumia mwenyewe.

Zawadi ya miaka 70

Jina lake kamili ni Porsche 911 Speedster Concept. Alionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 8 Juni 2018 huko Zuffenhausen, kitongoji cha jiji la Stuttgart, Ujerumani, ambako ndiko nyumbani kwa Porsche. Tarehe haikuangukia hapo kwa bahati. Siku kama hiyo mwaka 1948, gari la kwanza kabisa kubeba jina la Porsche lilipewa kibali cha kutembea barabarani. Kwa hiyo ilikuwa ni sherehe ya miaka 70, na kama ilivyo kwenye sherehe yoyote ya ndoa iliyodumu, watu walitaka kuona mwenye sherehe amevaa nini.

Magari ya namna hii kwa kawaida hayauzwi. Kiwanda kinaunda moja, kinaliweka chini ya taa, watu wanapiga picha, na wakubwa wa kiwanda wanasikiliza miguno. Miguno ikizidi, gari linaingia kwenye uzalishaji. Isipozidi, linaishia stoo kama ahadi nyingi za uchumba.

Hili liliundwa na watu wa idara ya magari ya mashindano ya Porsche. Mwili waliuchukua kwa 911 Carrera 4 ya wazi, mitambo ya chini wakaiazima kwa ndugu yake mkali, 911 GT3. Nyuma wakaweka injini ya silinda sita zilizolala, tatu huku tatu kule, yenye nguvu za farasi zaidi ya 500 na inayoweza kuzunguka hadi mara 9,000 kwa dakika. Gia ni sita, za mkono. Klachi unakanyaga mwenyewe. Katika zama ambazo hata daladala zinaelekea kwenye otomatiki, kiwanda tajiri kama kile kuweka gia za mkono kwenye gari lake la sherehe ni sawa na bibi harusi kuingia ukumbini anatembea kwa miguu yake wakati limuzini imepaki nje. Ni makusudi.

Na mapambo yake yana akili. Vioo vya pembeni vina umbo la miaka ya 1950. Taa za mbele zina alama ya msalaba, kumbukumbu ya enzi ambazo madereva wa mashindano walibandika utepe juu ya taa ili kioo kikivunjika vipande visisambae njiani. Mfuniko wa tangi la mafuta uko katikati ya boneti, juu kabisa, kila mtu auone. Rimu ni za inchi 21. Na badala ya paa kuna turubai jepesi tu linalofungwa kwa vifungo, kama lile la kufunika mizigo. Mvua ya masika ikikukuta nalo Mwenge, shauri yako.

Nyuma ya siti mbili kuna kifuniko cha nyuzi za kaboni chenye nundu mbili, kama ngamia wawili wamelala sambamba. Hizo nundu ndizo alama ya Speedster tangu mwaka 1988. Sasa nikuambie jambo lililonikera nilipolijua: kwenye 911 ya kawaida, pale nyuma huwa kuna vijisiti viwili vidogo vya kuweka watoto. Kwenye Speedster wameviondoa, wakafunika juu.

Halafu hapa ndipo nilipoacha kusoma nikaenda kujimiminia chai. Ili kupunguza uzito, gari lile la maonyesho liliondolewa kiyoyozi, ramani ya kielektroniki, na redio. Hakuna redio! Siti mbili za ngozi ya kahawia, usukani, gia, na mtu wa pembeni yako. Basi. Hakuna wa kukuonyesha njia na hakuna wa kukuimbia. Mkiwa hamna la kuzungumza, mtausikiliza ukimya wenu kwa nguvu za farasi 500.

Nilikaa na chai yangu nikajiuliza, mimi na huyu bwana mara ya mwisho tulikaa kwenye gari bila redio, bila simu, bila mtoto anayelia njaa, lini? Sikukumbuka. Nikarudi kusoma.

Kiwanda cha mbao na baba aliyekuwa jela

Nilidhani hadithi ya Porsche ni ya matajiri kuwatengenezea matajiri wenzao. Kumbe si hivyo ilivyoanza.

Mzee mwenyewe, Ferdinand Porsche, alikuwa mhandisi mkubwa, lakini jina lake lina doa. Ndiye aliyechora Volkswagen kwa ajili ya utawala wa Hitler, na wakati wa vita kiwanda hicho kiliwafanyisha watu kazi kwa lazima. Hilo si la kufichwa chini ya zulia kwa sababu gari ni zuri. Vita ilipokwisha Wafaransa walimkamata, Desemba 1945, wakamweka ndani, na hakutoka hadi mwaka 1947.

Mtoto wake, Ferry, na dada yake Ferry, Louise Piëch, ndio waliobaki wakiendesha shughuli. Huyu dada huwa anasahaulika kwenye masimulizi ya wanaume wapenda magari, kwa hiyo mimi namtaja mara mbili: Louise Piëch. Walikuwa wamehamia Gmünd, mji mdogo wa milimani huko Austria, na karakana yao ilikuwa kwenye kiwanda cha zamani cha kupasua mbao. Walitengeneza chochote kilicholeta hela. Fedha za dhamana ya kumtoa mzee zilitokana na kazi ya kumchorea gari la mashindano tajiri mmoja wa Kiitaliano, Piero Dusio.

Ni katika hali hiyo, baba kafungwa, nchi kavu, mafuta ya mgao, ndipo Ferry alipoanza kuwaza gari la michezo la siti mbili. Maelezo aliyoyatoa baadaye yanajulikana sana: aliangalia kote, gari alilokuwa analiota halikuwepo, akaamua kulitengeneza mwenyewe.

Lilikuwa dogo! Injini ilitoka kwa Volkswagen, cc 1,131, nguvu za farasi 35. Kwa kukulinganishia, Vitz ya kwanza ya cc 1,000, ile tunayoicheka kwenye foleni, ina nguvu mara mbili ya hiyo. Lakini Porsche namba 1 lilikuwa na kilo 585 tu, kwa hiyo liliweza kufika kilomita 135 kwa saa. Wepesi ndio uliokuwa siri yake. Na unajua walilifanya nini? Waliliuza. Hela ilihitajika, likaenda kwa mteja Uswisi. Miaka ilivyokwenda na mambo yalipowanyookea, kampuni ililitafuta ikalinunua tena, na hadi leo ni mali yao. Sehemu hii nilimsomea mume wangu kwa sauti. Alikuwa amejifanya kulala. Nikamwona anafumbua jicho moja.

Jina la Speedster lenyewe lilikuja mwaka 1954, na tunalidai kwa mfanyabiashara wa New York, Max Hoffman, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa anaingiza magari ya Ulaya nchini Marekani. Aliwaambia Porsche kwamba vijana wa Kimarekani wanataka gari la wazi, la bei ndogo, lisilo na makolokolo. Porsche wakaondoa kila kilichoondoka: kioo cha mbele kikawa kifupi na cha kutoa, milango haina vioo vya kupandisha, siti nyembamba, bei chini kidogo ya dola 3,000. Vijana wa California wakalipenda kufa. Mwigizaji James Dean alikuwa nalo kabla ya kuhamia kwenye Porsche nyingine, 550 Spyder, ambayo alifia ndani yake Septemba 1955. Yaani gari ambalo leo ni la kuwekwa kwenye jumba la makumbusho lilizaliwa likiwa ndilo la bei rahisi kwenye familia yake! Tangu 1988 jina hilo limekuwa likifufuliwa kila baada ya miaka kadhaa, na kila mara bei inapanda ngazi.

(Kwa wale watakaosema mambo haya hayatuhusu huku kwetu: waulizeni watu wa Kenya kuhusu Safari Rally ya mwaka 1978. Porsche walileta 911 mbili, Vic Preston Jr akashika nafasi ya pili na Björn Waldegård ya nne. Matope ya Afrika Mashariki yanamjua huyu Mjerumani vizuri tu.)

Bei sasa!

Miguno ilizidi. Oktoba 2018, kwenye maonyesho ya Paris, Porsche walileta gari la pili la mfano, safari hii jekundu, wakatangaza kwamba litatengenezwa kweli, lakini magari 1,948 tu. Umeiona hiyo namba? Ni ule mwaka wa kwanza. Lililoingia sokoni mwaka 2019 lilikuwa na nguvu za farasi 510, karibu sawa na IST sita za cc 1,300 zikivuta pamoja. Linatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 4, na mwisho wake ni kilomita 310 kwa saa. Lilibaki na gia za mkono, likapewa angalau paa jepesi la kitambaa. Na kizazi hicho cha 911 kilipofikia ukingoni Desemba 2019, gari la mwisho kabisa kutoka kiwandani lilikuwa Speedster.

Marekani liliuzwa kuanzia dola 274,500. Kwa shilingi ya mwaka huo hiyo ni zaidi ya milioni 600, na hapo TRA hawajashika kalamu. Nilipiga hesabu kwa mwendo wa lile daftari. Mume wangu angelinunua akiwa na umri wa miaka mia tatu na kitu. Nilifarijika kidogo, nikawa tayari kwa mazungumzo.

Daftari mezani

Watoto walipolala nililitoa daftari nikaliweka mezani, kati ya chupa ya chai na sahani. Sikusema kitu. Alilitazama, akanitazama, akakaa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Mimi ni mwandishi, maneno ndiyo kazi yangu. Lakini lililotoka lilikuwa swali moja tu: "Na watoto utawaweka wapi?"

Akajibu taratibu, bila hasira, "Ndiyo maana ina siti mbili."

Nikataka kumrukia. Akaendelea. "Mama watoto, niambie ukweli. Tangu azaliwe huyu wa pili, ni lini mimi na wewe tumepanda gari tukiwa wawili tu? Asubuhi watoto na dada wa nyumbani. Njiani unampakia yule mwenzako wa ofisini. Jioni mifuko ya saruji. Jumapili mama. Mimi nakuona kwa kioo tu, na wewe unaangalia simu. Nikaona nitafute gari ambalo hata mtu akiomba lifti, hakuna pa kumuweka."

Wanawake wenzangu, nisiwadanganye, sikulia na sikumkumbatia. Nilimwambia kilichoniuma si gari, ni lile daftari. Kwamba miezi yote ile tulikuwa tunahesabu bati pamoja kwenye kikokotoo cha simu, na yeye ana namba nyingine kichwani. Alikubali kosa. Hakujitetea, na kwa mwanaume wa kwetu hilo nililiandika kwenye kitabu changu cha mazuri. Akasema hela iko benki, haijaguswa, nichukue nikamalizie lenta au niitupe baharini. Kisha akaenda kulala.

Nilibaki pale mezani muda mrefu. Kwa sababu kuna jambo ambalo hakulijua, na ambalo sikuwa nimepanga kuliandika humu.

Mimi nina kikoba. Si kile anachokijua, cha ofisini. Ni kingine, cha wanawake wa mtaani kwetu, na nina hisa humo kwa miaka minne. Kila mara nilijiambia ni fedha ya dharura, mwanamke lazima awe na kitu cha pembeni, mama yangu alinifundisha hivyo na wewe unayesoma huenda mama yako alikufundisha pia. Tofauti yangu na yeye ni kwamba mimi sikuwa na daftari la kukamatwa nalo. Usiku ule ningeweza kusema. Sikusema. Nilikuwa nimeshinda, na mtu akishinda hapendi kurudisha kombe.

Wiki mbili zilipita nikiwa mpole kupita kiasi. Hata yeye alishtuka. Jumamosi ya tatu nikawapeleka watoto kwa bibi yao, nikamkabidhi funguo ya IST, nikamwambia twende Bagamoyo, wawili tu. Tulipovuka Bunju nikanyoosha mkono nikazima redio.

Akanitazama. "Imeharibika?"

"Hapana. Hata yule mrembo wako hana."

Akacheka. Kilomita kadhaa tulikwenda hivyo, madirisha wazi, upepo unaingia, na lile ekzosi letu linalohitaji fundi likijitahidi kufanana na Porsche. Si mchezo, ukimya wa watu wawili waliozoeana ni mzito kuubeba. Tulipofika Mapinga nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu mwaka nilioanza.

Alinyamaza hadi Kerege. Nilihesabu nguzo za umeme. Kisha, macho yakiwa barabarani, akauliza, "Kiasi gani?"

Nikamtajia.

Akapiga mluzi. "Hiyo si ni bati za msauzi nyumba nzima," akasema, "na chenji inabaki."

Tuliezeka mwezi Novemba, kabla ya krismasi. Milioni sita zake bado ziko benki, na daftari siku hizi linakaa mezani. Ukurasa wa kulia anaandika yeye, wa kushoto mimi. Picha ya mrembo bado iko kwenye simu.

Jana nimemwomba anitumie na mimi.